Jogoo wa Shemeji

Saa kumi na mbili asubuhi, Musyimi anatoka nyuma ya banda lake hapa Matinyani akiwa amebana kuku kwapani, ndani ya koti. Hapiti barabarani. Anazunguka nyuma ya kanisa, anakata katikati ya shamba la pojo, anatokea kwa jirani yake Kitonga upande wa choo.

Kitonga yuko uani, mswaki mdomoni.

"Leo umeniletea bibi harusi gani?"

"Yule mweupe," Musyimi anajibu akitazama chini. "Nitamchukua jioni."

Kuku huyo atashinda na jogoo wa Kitonga. Kesho ataletwa mwingine. Musyimi ana miaka hamsini na minne, na amezunguka nchi hii juu ya malori akiwa taniboi, msaidizi wa dereva. Sasa anabeba kuku mmoja mmoja kwenda kwa jogoo wa watu, kwa sababu jogoo wa kwake alimchinja mwenyewe.

Kuku ni wa mkewe, Ndila. Musyimi alipoumia mgongo akipakua saruji, kuku hao ndio waliobaki kulisha nyumba. Ndila hakuuza mayai ya kukaanga. Aliuza ya kuatamia, shilingi thelathini kila moja, na wanawake walimjia kutoka mbali kwa sababu mayai yake yalikuwa yanatoa vifaranga.

Banda limezungushiwa waya na lina jogoo mmoja tu. Vijogoo wanaozaliwa humo huuzwa wakiwa wadogo, wasije wakapanda dada zao. Jogoo lazima atoke mbali. Wa mwisho, mwekundu mwenye shingo tupu, aliletwa na Mwangangi, kaka yake Ndila, kutoka Mbumbuni.

Mapema mwaka huu Ndila alikwenda Malili kumtunza binti yao, Syombua, aliyekuwa amejifungua. Akiwa huko, Mwangangi akafika Matinyani bila taarifa.

"Shemeji amefika, ameketi, na nyumbani ni mimi peke yangu," Musyimi anasema. "Ningempa muthokoi mtupu, mahindi ya kukoboa na maharagwe bila nyama? Nikamkamata aliye mkubwa. Nikapika mwenyewe. Firigisi nikampa yeye. Nilijiona mwanaume."

Mwangangi alikula akashiba. Akanawa mikono. Kisha akauliza, "Baba Syombua, yule jogoo wetu mwekundu anaendelea aje?"

Musyimi akaangalia mifupa kwenye sahani.

"Anaendelea vizuri," akasema.

Angeweza kuishia hapo, aibu ikabaki ya watu wawili. Lakini mitetea waliendelea kutaga, na wateja wa Ndila wakaendelea kuja. Musyimi akawauzia. Hakuna njia nyepesi ya kulisema hilo.

"Nilijua jogoo ana kazi yake," anasema. "Lakini nikajiambia, labda ile aliyofanya inatosha. Mayai ni yale yale, rangi ile ile."

Kazi ya jogoo haikai ndani ya kuku milele. Mayai ya siku za kwanza yalitotolewa. Yaliyofuata yakawa viza. Kuku wa watu walikaa juu yake wiki tatu, wakakonda, na hakuna kilicholia.

Wa kwanza kuja alikuwa Anab, mwenye duka pale sokoni. Alibeba karai lenye mayai. Alilivunja yai la kwanza mbele ya mlango, kisha la pili, mpaka Musyimi akaziba pua.

"Mzee, hii ni kitu gani umeniuzia?"

"Labda kuku wako aliyaacha yakapoa."

"Kuku wangu?" Anab akacheka kwa hasira. "Kuku wangu alikaa kama mama. Wewe niambie, jogoo yako iko wapi? Mimi napita hapa kila asubuhi, sijasikia mtu akiwika."

Siku hiyo hiyo habari ilizunguka soko lote.

Ndila aliporudi hakupiga kelele. Alitembea nyumba kwa nyumba akiomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Musyimi alimtazama kutoka dirishani.

"Angenitukana ningepumua," anasema.

Sasa Ndila hamuuzii mtu yai hata moja. Mayai ya mitetea wanaotoka kwa Kitonga anayaatamisha mwenyewe, na vifaranga watapelekwa kwa wanawake waliopata viza, bure. Anab amekubali kupokea. Kurudi kununua hajakubali.

"Nitarudi siku nitasikia jogoo hapo," anasema akipima sukari. "Kuambiwa nimeambiwa vya kutosha."

Jogoo lazima atoke Mbumbuni tena. Musyimi alimwomba mkewe ampigie kaka yake simu.

"Ulimchinja bila mimi," Ndila akamwambia. "Nenda ukamwombe bila mimi."

Kwa hiyo Jumamosi anakwenda. Amekwisha kufua shati. Atamwambia Mwangangi ni jogoo yupi alikula siku ile, halafu aombe mwingine. Akipewa, anasema, atashukia sokoni mchana kweupe na kumbeba mkononi, nje ya koti, hadi mbele ya duka la Anab.

Kuna jambo moja linalomnyima usingizi, nalo si maneno ya shemeji.

"Nikifika pale mimi ndiye mgeni," anasema huku akifungua mlango wa banda. "Wataniwekea kiti, na mtu ataingia uani kushika jogoo. Nimemwomba Mungu siku hiyo wapike muthokoi."