Punguza Upepo

Pancha alikuwa fundi wa matairi, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Hata hospitali alibisha. Mkewe, mshonaji, alianza kwa kuumwa kichwa. Kisha jicho la kushoto likawa linajifumba lenyewe, na uzi mmoja akauona nyuzi mbili. Majirani wakamtania eti anawakonyeza waume zao. Naye alicheka, maskini.

Wakamwingiza kwenye mashine, wakamchoma dawa ya kuonyesha mishipa. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole, akawaonyesha picha: mshipa wa nyuma ya ubongo umetuna, tena mahali ambapo ni nadra sana kutuna. Akasema atafungua fuvu, akibane kile kivimbe pale kinapoanzia kwenye mshipa, kwa kibanio kidogo cha chuma kabla hakijapasuka. Hatari hakuificha. Mke akasema yuko tayari hata kesho, ilimradi mumewe aridhie.

Mume ndiye aliyegoma. Tairi lililotuna analijua yeye! Ukilichokonoa linakulipukia usoni. Ukilipunguza upepo ukaenda mdogo mdogo, linakufikisha nyumbani. Basi akamrudisha mkewe nyumbani, akamkataza kuinama, kubeba ndoo, hata kukasirika. Chumvi akaificha. Cherehani akaifunika shuka. Daktari alipopiga simu, Pancha alimjibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, wasimtie presha. Mke alimbembeleza mpaka akachoka kubembeleza.

Kivimbe kilipasuka asubuhi moja, wakinywa chai. Mke alishika kisogo, akalia kichwa, akaanguka na kikombe mkononi. Daktari alimpasua siku hiyohiyo, akabana alichoweza kubana. Alipotoka hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba damu ilikuwa imeshatapakaa. Pancha alitamani atukanwe. Afadhali angetukanwa, jamani, kuliko ule upole.

Wiki zikapita ndipo mke akafumbua macho. Pancha akamwinamia, akamshika mkono. Mke akautoa taratibu, kwa adabu, kama mwanamke anavyoutoa kwa mwanaume asiyemjua.

"Samahani, kaka," akasema kwa shida. "Mume wangu ameshakubali nipasuliwe?"

Pancha akamvutia shuka mabegani. "Amekubali," akajibu.

Mke akamshukuru, akafumba macho. Kesho yake akamuuliza tena.