Nyama ya Kicheche Haioshwi kwa Ndimu

Kwa wiki tatu nzima nilimwoshea kicheche nyama yake kwa ndimu, na kwa wiki tatu nzima akaikataa.

Mimi ni mwanamke wa magharibi mwa Kenya, na nyama haiingii sufuriani mwangu kabla ya kuoshwa. Kuku hasa. Maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, ndimu mbili zilizokamuliwa mpaka maganda yakalegea, kisha kusuuza mara mbili. Mama alinifundisha hivyo nikiwa bado sijafikia kimo cha meza. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba mnyama wetu ataacha chakula kikavu cha mfuko na kuanza kula nyama mbichi, nilimuuliza mbichi kabisa, akasema mbichi kabisa, nami nikafanya anachofanya mtu mwenye adabu. Kama hapikiwi, angalau ataoshewa.

Mnyama mwenyewe huku Marekani wanamwita fereti. Mimi namwita kicheche kwa sababu ni wa ukoo huo huo: mwili mrefu, miguu mifupi, uso wa mtu anayejua ulipoficha kitu. Kwetu kicheche ni mwizi wa kuku. Tukimwona karibu na banda tulitoka na fimbo, watoto kwa wakubwa. Kwamba siku moja ningesimama kwenye foleni ya supamaketi Buffalo nikimnunulia kuku, hilo hakuna nabii aliyenitabiria.

Mume wangu ndiye aliyewaleta, dume na jike, tulipokuwa tukiishi Highview, kule Louisville. Binti yetu alikuwa anatimiza miaka kumi na minne na alitaka mbwa. Mkataba wa nyumba ulikataza mbwa na paka, lakini aliyeuandika hakuwahi kufikiria vicheche. Mume wangu aliusoma mkataba ule mara mbili, akacheka peke yake, akatoka na funguo za gari. Zawadi ilikuwa ya binti, lakini baada ya mwezi wanyama walikuwa wake. Akitoka kazini alilala chali kwenye zulia, nao wanaingia kwa mkono mmoja wa shati na kutokea shingoni. Mimi nilipita juu yake nikienda jikoni. Sikuwapenda. Walikuwa na harufu, na waliniibia soksi.

Kuhusu firigisi, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine huenda hawajui. Firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mke akipakua kuku na firigisi haionekani, atatoa maelezo, na kuna wanawake waliorudishwa kwao kwenda kuitafuta. Mume wangu hakuwa mtu wa makuu, lakini hapo hakuwa na mzaha. Aliitaka ikaangwe kavu, na hakutaka iguswe na ndimu, eti inaua utamu. Kuku wa huku huja na firigisi yake ndani ya kifuko cha karatasi kilichosukumwa tumboni. Wakati mwingine kifuko hakina kitu, wakati mwingine zimo mbili, maana kiwandani hawaangalii ipi ni ya nani. Zikiwa mbili aliniita mke mwema. Isipokuwepo aliuliza ni mwanamume gani amepita hapa mchana. Kwa hiyo kila nikifungua kuku, kwanza nilitoa firigisi na kuiweka kando, ndipo kuku akaingia kwenye beseni la ndimu.

Alikufa siku ya Jumanne, kwenye maegesho ya magari kazini kwake. Moyo. Watu wa kanisa walijaa nyumbani na sufuria zao, wakaimba, wakapanga safari ya kumpeleka kwao akazikwe. Mimi nilikaa kwenye kochi. Sikulia. Sikuwa najizuia, hakukuwa na kitu cha kuzuia. Mama mmoja wa kanisa alinishika goti akasema, "Lia, dada, usiweke ndani, itakuua." Nikamwambia asante. Nilikuwa nafikiria kama mtu amewapa vicheche maji. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba, na alinisikia nikiuliza habari za maji.

Wiki ile niliporudi kutoka mazishini nilinunua kuku. Nilitoa firigisi, nikaiweka kando, nikaosha kuku, nikapika. Firigisi ikabaki pale kwenye kisahani. Kuila siwezi, kuitupa siwezi. Niliitia kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka kwenye friza, na wiki iliyofuata nikaongeza nyingine.

Rafiki yangu wa tangu chuoni alikuwa Columbus, akasema nihamie karibu naye nisiwe peke yangu. Tulipanga nyumba Linden, ya mbao, sakafu zinazolia. Nilipata kazi ya ofisini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Niliamka, nikaenda, nikarudi. Mfuko wa firigisi ulisafiri kwenye kasha la barafu, na vicheche kwenye tundu lao, kiti cha nyuma, pamoja na binti yangu.

Yule jike alifia Linden. Kwa siku kadhaa alikuwa anasimama katikati ya chumba akikodolea ukuta macho, mate yakimtoka, miguu ya nyuma ikimlegea. Mimi niliona. Nilidhani ni uzee, au baridi, au sikudhani chochote, siku zile nilikuwa naona mambo na kuyaacha yapite. Asubuhi moja binti yangu alimkuta amekauka ndani ya kitambaa chake. Tulimzika nyuma ya nyumba. Nilichimba mimi, nikasawazisha udongo, nikauliza kama atachelewa shule.

Akaniangalia. "You saw her, Mum. Uliona na hukusema kitu." Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hata Dad hukumlilia."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Alipopata nafasi ya chuo kikuu Buffalo nilimfuata. Sikumwambia namfuata, nilisema nimepata kazi nzuri zaidi huko, na kazi kweli ilikuwepo. Nilichukua nyumba ndogo Black Rock, yeye akakaa bwenini. Alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Najua alimjia nani. Alivua viatu, akapita jikoni, "Hi Mum," akalala chali kwenye zulia kama baba yake, na yule dume akaingia kwa mkono wa sweta.

Halafu dume naye akaanza kukodolea ukuta macho.

Safari hii nilimpeleka kwa daktari wa wanyama siku ile ile. Alisema ni vivimbe kwenye kongosho, vinamshusha sukari ya damu ghafla. Kupona hatapona, lakini kwa dawa na chakula kinachofaa anaweza kuishi vizuri muda wa kutosha. Zile punje kavu za mfuko zina wanga mwingi kwa mnyama aliyeumbwa kula nyama. Binti yangu akasema basi tumhamishie nyama mbichi. Daktari akakubali, kwa sharti moja: tubadilishe polepole, na asipitishe muda wa saa nne bila kitu tumboni. Binti yangu aliandika maelekezo yote kwenye karatasi akaibandika kwenye jokofu. Lowanisha punje kwa majimaji ya nyama. Punguza punje, ongeza nyama. Moyo wa kuku, ini kidogo, vipande vidogo. Akianguka, mpake asali kwenye fizi, kisha mlishe.

Mlangoni aligeuka. "Mum, please. Huyu umwangalie."

Nilielewa vizuri. Huyu akifa, Jumapili zitakwisha.

Basi nikamwangalia. Niliendesha gari kutoka kazini kila mchana kuja kumlisha. Nilikata mapaja ya kuku vipande vya ukubwa wa ukucha, nikayaosha kwa ndimu na chumvi, nikayasuuza, nikayapanga kwenye kisahani. Alinusa, akarudi nyuma, akapiga chafya. Akivumilia sana, alichukua kipande kwa meno ya mbele na kwenda kukizika. Nilikuta nyama chini ya kochi. Nilikuta nyama ndani ya kiatu changu cha kanisani, na kanisani kwenyewe ndipo nilipoikuta. Saa nne zikikaribia nilikata tamaa nikampa punje zake. Mara mbili alianguka, nikampaka asali kwenye fizi, kisha nikamlisha. Moyoni sikusikia kitu. Mikono tu ndiyo iliyofanya kazi.

Rafiki yangu wa Columbus alipiga simu nikiwa nakamua ndimu. Nikamweleza ninachofanya.

"Unamwoshea?" akauliza. "Kwani yeye ni mgeni? Hata mgeni, siku ya tatu unampa jembe. Huyo amefika wiki ya tatu bado unamwandalia meza."

Alicheka sana. Nikakata simu nikaendelea kukamua.

Jumapili iliyofuata binti yangu alifika nikiwa nimefungua kuku. Kifuko cha karatasi kilikuwa na firigisi mbili, nimeziweka kando kwenye kisahani. Aliinama kwenye beseni, akanusa, akanusa tena.

"Mum, umeweka lemon?"

"Nimeosha nyama."

"Ya fereti?"

"Ya kila mtu."

Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Mum, hawa hula kwa pua kwanza. Wanachukia lemon. Three weeks, Mum."

Nilikaa kwenye kiti. Wiki tatu nilikuwa nimemfukuza mnyama mgonjwa kutoka kwenye sahani yake, kwa usafi. Niliona aibu, na nikashangaa kwamba nimeiona.

Akasema tutafute nyama ambayo haijaoshwa, akafungua friza kabla sijamzuia. Akatoa mfuko. Ulikuwa umeshakuwa mkubwa kama mto wa mtoto, firigisi zimegandana, za chini nyeusi, za juu bado nyekundu.

"Hizi ni nini?"

"Za babako."

Hakuelewa mara moja. Aliangalia mfuko, akaangalia kisahani chenye firigisi mbili, akaangalia mfuko tena. Binti yangu huniongelesha Kiswahili kwa vipande, lakini hapo alikisema chote.

"Ulikuwa unamwekea?"

"Kila kuku."

"Tangu Louisville?"

"Tangu Louisville."

Aliurudisha mfuko ndani taratibu, akafunga mlango wa friza, akaegemea hapo mgongo wake. Kicheche alikuwa ametoka chini ya kochi, amesimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, anaelekea meza yenye kisahani.

Nilichukua firigisi moja na kisu. Ilikuwa safi, haijaguswa na ndimu, kwa sababu ya mtu aliyeipenda hivyo. Niliikata vipande vidogo nikakaa sakafuni, nikamwekea kimoja kwenye ncha ya kidole. Alinusa muda mrefu. Kisha akakichukua, akakitafuna kwa magego ya pembeni, kichwa kimeinama upande mmoja, akarudi kutafuta kingine. Akala yote. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni karibu yangu, bega lake kwenye langu, na sikukumbuka mara ya mwisho lilipokuwa hapo.

"Inakuwaga tamu?" akauliza.

"Sijui. Sijawahi kula."

"Never? Miaka yote hiyo?"

"Haikuwa yangu."

Akainuka, akachukua ile ya pili, akawasha jiko. Nilimwelekeza: mafuta kidogo, chumvi, usiifunike, iache ikauke. Aliikata katikati, akaweka nusu kwenye sahani yangu, nusu kwenye yake. Niliiangalia kitambo. Kisha nikaitia mdomoni.

Firigisi ni ngumu, huwezi kuimeza haraka, inabidi utafune. Nilitafuna, na machozi yakaanza kushuka yenyewe, sikuyafuta. Ilikuwa tamu kweli, na nilitaka kumwambia mume wangu.