Ndama Asiyekuwa Kitabuni

Hasira ya siku ile bado ninayo, na sioni haya kusema. Nilikuwa karani wa baraza moja huko Shinyanga, zama za Waingereza, nikahamishiwa Geita. Aliyekuja kushika nafasi yangu alifika asubuhi kwa lori la pamba, na lori lile lile ndilo lilikuwa liniondoe mimi. Alikuwa kijana wa mjini, suruali imenyooshwa kwa pasi. Tulikabidhiana vitabu vya kodi, mhuri, taa ya karabai na baiskeli mbovu ya baraza. Kila kitu alikigeuza juu chini ndipo akaweka sahihi. Mpaka hapo sikuwa na neno naye.

Likabaki zizi la nyuma. Humo mlikuwa na ng'ombe wa kesi. Mjane mmoja alisema ni wake, kapewa na baba yake. Shemeji yake akasema ni urithi wa marehemu kaka yake. Baraza likamshika ng'ombe mpaka hukumu itoke, na kesi ikalala. Ng'ombe hangoji hukumu. Aliingia na mimba, akazaa humo humo, na sasa ndama wake jike alikuwa ameshaanza kula majani.

Maziwa yalikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji kile. Mjane alileta majani kila asubuhi, na watoto wake nyumbani wanakunywa uji mtupu. Ndama alipozaliwa nilitaka kumwandika, lakini bila idhini ya mwanangwa mifugo haikuandikwa, naye akaniambia nisubiri hukumu. Nikaomba tena, nikaambiwa nisubiri. Nilijua fika anachokitaka. Ndama asiyeandikwa ni rahisi kuhamia zizi la mkubwa.

Yule kijana alifungua kitabu, akatazama zizini, akatazama tena kitabu.

"Mimi napokea kilichoandikwa," akasema. "Hapa pana ng'ombe mmoja."

Nikamwambia mbele yake wamesimama wawili. Akajibu kwamba hawezi kutia sahihi kwa kitu kisichokuwa kitabuni. Mwanangwa, aliyekuja na wazee wa baraza kushuhudia makabidhiano, akacheka kidogo, akasema hilo si tatizo, ndama atamtunza yeye nyumbani kwake. Damu ikanichemka. Mmoja mwoga, mwingine mlafi, na kati yao wanamla mjane akiwa hai. Mwenyewe alikuwa kasimama pale uani na mzigo wake wa majani kichwani, anasikia yote.

Nikamuuliza kijana kwa sauti, wazee wa baraza wasikie, kama ndama yule si mali ya baraza. Akasema si mali ya baraza. Nikawauliza wazee kama shemeji mtu aliwahi kumdai. Wakasema hapana, alimdai ng'ombe tu. Basi nikaingia zizini, nikamfunga ndama kamba shingoni, nikaitia kamba mkononi mwa yule mama.

"Mchukue, mama. Nenda naye sasa hivi."

Mwanangwa akasema atanishtaki kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Nikamwambia anishtaki, na asisahau kueleza habari za maziwa. Hapo akageuka kutazama zizi. Ng'ombe alikuwa ameanza kulia akimwita mwanawe, na mwanangwa, mtu aliyekulia zizini, alijua ng'ombe wetu hashushi maziwa bila ndama. Kijana wa mjini hakuelewa kitu. Alitia sahihi, nikampa funguo, nikapanda lori bila kumpa mkono.

Geita nilipata barua ya onyo. Kisha nikasikia ng'ombe kapewa shemeji. Nilitukana peke yangu chumbani mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Baada ya miaka nilipita kijiji kile, nikaenda kumsalimu yule mama. Ndama alikuwa ng'ombe mzima, naye ana ndama wake. Mama akanikaribisha kigoda, akaniletea kibuyu cha maziwa.

"Kunywa, baba," akasema. "Haya hayako kitabuni."