Mwenye Kiwanda cha Sabuni

Fundi cherehani wa pale kona ana hisa chache katika kiwanda cha sabuni, na tangu azinunue hajaingia duka la mtaani kama mteja. Huingia kama mkaguzi. Vidole vyake vyenye alama za sindano huzigeuza sabuni za kiwanda chake zitazame mlango, kisha huzisukuma za washindani nyuma ya viberiti. Nyumbani watoto wanafua hata nguo safi. "Povu zaidi, wanangu, mnajilipa wenyewe!" Mumewe, aliyechubuka vidole kwa kufua mapazia yasiyo na kosa, alimwekea sharti: mwaka huu gawio la faida lisipoingia, hisa ziuzwe, linunuliwe jokofu.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya sharti hilo. Anashona kola, simu mapajani, na mguu unaendelea kukanyaga pedali ingawa uzi umekwisha. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Akasoma, akaruka juu, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni kama nishani. "Baba watoto! Wametulipa! Sabuni imetulipa!" Mume akaisoma simu, akavaa miwani, akaisoma tena. Fedha zenyewe zingetosha mlango wa jokofu, labda na bawaba zake. "Mke wangu," akasema taratibu, "hivi hizo hisa, bado wanaziuza?" Alikumbatiwa, pini za kifuani mwa mkewe zikamchoma, naye hakulalamika.

Jioni mwenye duka alimwona baba huyo, mtu mwenye heshima zake, akichungulia kushoto na kulia, kisha akizisukuma sabuni za washindani nyuma ya viberiti.