Taya za Shaba

Kiwandani dada yangu wanamwita Chuma, kwa sababu anahamisha peke yake mapipa ambayo wanaume wawili huyatazama wakakuna vichwa. Utani huo umechoka kama yeye mwenyewe. Jioni harudi nyumbani, anajikokota. Anaketi sakafuni, mgongo ukutani, na kwa muda mrefu hataki hata kuulizwa habari.

Kazi yake iko kwenye ghala la tina, ile ya kulainishia rangi. Mvuke wake haupatani kabisa na moto: cheche moja tu, ghala zima linalipuka. Ndiyo maana toroli lake la kuinulia mapipa lina taya za shaba, kwa kuwa shaba haitoi cheche kama chuma kikikwaruza chuma. Lakini shaba ni laini, inalika. Ikilika, pipa linateleza, na bega la dada ndilo linalolizuia. Msimamizi aliahidi taya mpya kila alipoulizwa. Ahadi tamu, taya hakuna.

Dada akachoka kusubiri. Akazifungua, akamletea mume wangu, fundi wa kuchomelea.

"Shemeji, nijazie hapa palipolika. Shaba tu, umesikia?"

"Wewe nenda kalale, shemeji. Niachie mimi."

Mume wangu ana roho nzuri na kichwa kigumu, na viwili hivyo vikikutana mimi huogopa. Aliona shaba haitadumu. Akachomelea meno ya chuma, akayafunika kwa shaba, akasugua mpaka yakang'aa. Hakumwambia mtu. Tenda wema nenda zako, bwana.

Kesho yake toroli liling'ata mapipa barabara. Dada anasema alikaribia kuimba. Kisha, pipa likiwa juu, akasikia mkwaruzo mkali asiouzoea. Akainama: shaba imebanduka, jino la chuma limeuma ukingo wa pipa. Akawafukuza wenzake wote nje. Akasokomeza magunia yaliyolowa maji kati ya jino na pipa, akalishusha taratibu, peke yake. Pipa likatua salama.

Alipofika kwetu alizitupa taya miguuni pa mume wangu.

"Ungetuua wote, shemeji!"

"Nilitaka mgongo wako upumzike. Kumbe asante ya punda ni mateke."

"Hebu nyamaza wewe!" nilimfokea.

Mume wangu akachukua grenda, akaanza kuyakata meno aliyoyachomelea. Dada alikuwa amekaa sakafuni analia. Nikamwambia yameshapita, tumshukuru Mungu.

"Silii kwa ajili ya hilo," alisema. "Asubuhi yote mgongo haukuniuma. Nilikuwa nimeshasahau kwamba mtu anaweza kusimama hivyo."

Grenda ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.