Tulipokuwa Tukimuuliza Mhubiri

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la Kalangalala, Geita, niliamriwa kukaa chini. Mimi mwenye wajukuu! Kijana wa kupokea wageni alinishika bega akaniambia, "Mama, kaa. Usipingane na upako." Nilikuwa nimesimama kuuliza swali moja tu. Ndugu yangu, hasira haijanishuka mpaka leo, na nikikasirika namna hii akili yangu hurudi kijijini kwa bibi, huko Shinyanga, ambako nililelewa nikijua kwamba kanisani watu huuliza.

Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi, limeezekwa kwa nyasi, na mabenchi yake yalikuwa matuta ya udongo yaliyosiribwa kwa samadi. Jumapili tulianza na kazi kama siku nyingine: kuchota maji ya lambo, lile bwawa la kijiji, kufagia uwanja, kuwatoa ndama. Bibi alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na karanga. Ilikuwa lazima tubebe chakula, kwa sababu ibada yetu haikuishia kwenye baraka. Mwinjilisti akimaliza kuhubiri alishuka, akaketi benchi moja na sisi, akasema, "Haya, mimi nimesema. Na ninyi semeni."

Na watu walisema! Kwa Kiswahili wachache, kwa Kisukuma wengi. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji ambaye kila wiki alitaka kujua kama ng'ombe wake watafika mbinguni. Mwinjilisti alijibu alilolijua, na asilolijua alisema, "Hilo silijui, nitakwenda kusoma." Sisi watoto tulitafuna michembe yetu tukisikiliza wakubwa wakibishana bila kugombana. Njiani kurudi bibi alipenda kutuambia, "Kuhubiri ni kazi yake, kupima ni kazi yetu. Akikosea tukanyamaza, tumekosea wote."

Ikaja mwaka ambao mvua iligoma. Mtama ulikauka ukiwa bado mfupi, na ng'ombe wakawa wa kuinuliwa kwa mikono asubuhi. Watu walikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husikiliza chochote. Katika hali hiyo akatujia mhubiri mgeni kutoka mjini, kijana mwenye sauti nzuri, na mwinjilisti akampa mimbari. Alianza vizuri, akaomba tukalia. Kisha akanyoosha kidole akasema, "Mvua imefungwa. Aliyeifunga ni mwanamke, yumo humu kijijini, na mtamjua kwa macho yake."

Naona mpaka leo vichwa vilivyogeuka. Jirani yetu, mjane, alikuwa benchi la nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini nani hakuwa na macho mekundu kule kwetu? Miti ilikuwa imekwisha, wanawake walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake unawasha kama pilipili. Hata mtoto wa umri wangu alijua kilichowapata wanawake wazee wa vijiji vingine kwa sababu ya macho kama yale. Walikatwa mapanga ndani ya nyumba zao. Jirani alishika ncha ya kanga yake akajifunika macho.

Bibi hakungoja muda wa maswali. Alisimama.

"Mtumishi, mwanangu, hilo limeandikwa wapi?"

"Mama, Roho amenionyesha."

"Nimekuuliza limeandikwa wapi. Tusomee."

Mhubiri alifungua Biblia, akaifunga. "Mama, unamtetea mchawi?"

"Namtetea mtu. Nitazame na mimi. Haya macho ni meupe? Njoo jikoni kwangu upike ugali kwa mavi ya ng'ombe, halafu ujitazame kwenye kioo."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee mfugaji akasimama upande wa bibi. Wakasimama wanawake wa kwaya, mmoja baada ya mwingine. Ndipo mwinjilisti akaenda mbele, uso umemsawajika.

"Mimi ndiye niliyempa mimbari hii," alisema. "Kosa lake ni langu pia. Dada yetu, utusamehe." Kisha akatugeukia sisi. "Na atakayeondoka na neno hili asiseme amelisikia kanisani. Kanisa limelikataa."

Mgeni aliondoka bila kula, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yake tukamla sisi watoto. Kwa muda mrefu baada ya hapo wanawake walipokezana kulala kwa jirani, bibi akiwa wa kwanza. Jirani yule alizeeka, akafa kitandani kwake, wajukuu wakimwimbia.

Sasa sikiliza habari ya Geita. Binamu yangu ni mchimbaji. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilikuwa halitoi kitu, huku wenzake wakipata. Mhubiri wa kanisa lake akatangaza kwenye spika kwamba mchimbaji anayeishi na mama mzee mwenye macho mekundu asitegemee kuona dhahabu. Binamu akarudi nyumbani akamtolea mama yake virago nje. Huyo ni mama yangu mkubwa! Nilimkuta amehifadhiwa na mama mmoja Mwislamu, muuza vitumbua, ambaye hajawahi kukanyaga kanisa lile.

Jumapili nikaenda mwenyewe. Mhubiri akalirudia neno lile lile, nami nikasimama kuuliza limeandikwa wapi. Kinanda kikapandishwa sauti. Nikakalishwa. Umati ukaitikia "Amina!" mpaka bati likatetemeka, na binamu yangu akainamia viatu vyake.

Mhubiri yule nimemkasirikia, tena sana. Lakini hakumtoa mama mkubwa nje peke yake. Walimsaidia wote walioitikia, na wale waliokaa kimya wakitazama saa. Tumewageuza wahubiri wetu kuwa watu wasioulizwa, kisha tunashangaa wanaposema chochote. Hata katika kanisa letu la zamani, ambalo sasa lina bati na sakafu ya vigae, muda wa maswali umeondolewa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ibada inachelewa kwisha.

Mama mkubwa anaishi nami Kambarage, hapa Shinyanga mjini, sasa. Juzi, tukichambua mchele, aliniita mama kwa Kisukuma chetu, akaniuliza, "Mayu, mhubiri hanijui, alisema yake. Lakini wale waliokuwa wamekaa pale wananijua. Watoto wao nimewabeba mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyesema neno?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia, "Hakuna."