Ugali Mfukoni mwa Kabuti

Leo nimenusa kabuti kuukuu lililolowa mvua, nikamkumbuka mama. Wakati wa vita, chifu alitangaza barazani kwamba vijana wetu huko Burma wanakula nyama kila siku. Mama akamuuliza, "Bwana chifu, kama wameshiba, mbona unachukua ng'ombe zetu uwapelekee?"

"Wewe mama, keti."

Inanikera mpaka leo, ingawa pengine chifu naye aliambiwa tu na wakubwa wake kwamba wanakula nyama.

Kaka aliporudi kutoka Burma, kila jioni alificha kipande cha ugali wa wimbi mfukoni mwa kabuti lake la jeshi. Kwenye baraza lililofuata, chifu akarudia maneno yale yale. Mama akasimama na kabuti, akaikung'uta mifuko mbele ya chifu, vipande vya ugali vikaanguka chini. "Huyu wangu alishibia wapi?"

Kaka akatoka nyuma ya watu, akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni.